Jina, Aibu na Fahari: Maandamano ya Usawa na Suala la Kujitaja

Utangulizi

Mwezi wa Machi 2013 halmashauri inayosimamia mashirika yasiyo ya kiserikali nchini Kenya ilikataa kuliandikisha shirika moja jipya la kutetea haki za binadamu. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba Kanuni ya Adhabu yakataza matendo ya kujamiiana ya watu wa jinsia moja. Ya pili ni kwamba majina yaliyopendekezwa na mwombaji, Eric Gitari, hayakubaliki, maana yalikuwa na maneno mawili ya Kiingereza ambayo kwayo wanaume wapendao wanaume na wanawake wapendao wanawake hujiita. Shauri hilo lilipita mahakama tatu, likamalizikia katika Mahakama ya Juu mwezi wa Februari 2023.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini jina lipiganiwe kwa miaka kumi? Je, isingetosha waombaji wajiite kwa neno jingine lisilomkera mtu, kisha kazi yao ikaendelea? Jibu halimo katika sheria peke yake. Limo pia katika historia ya maandamano yaitwayo ya Fahari, ambayo hufanywa kila mwaka, aghalabu mwezi wa Juni, katika nchi nyingi za dunia. Makala haya yanakusudia kuieleza historia hiyo kwa jicho la lugha. Hoja yake ni kwamba maandamano hayo, licha ya ngoma na rangi zake, ni tendo la kujitaja. Na kwamba mabishano juu yake, barabarani na mahakamani, yamekuwa tangu awali mabishano juu ya nani mwenye haki ya kumpa mtu jina. Mwishoni yatatazamwa maneno ya Kiswahili yahusuyo jambo hili, ambayo wanaisimu hawajayashughulikia kwa kiasi kinachostahili.

Majina yaliyotangulia maandamano

Tarehe 29 Agosti 1867 mwanasheria Karl Heinrich Ulrichs alisimama mjini Munich mbele ya mkutano wa wanasheria wa Kijerumani, akataka sheria zilizowaadhibu wanaume wapendao wanaume zifutwe. Kelele zilimzidi, akashuka jukwaani bila ya kumaliza. Miaka mitatu kabla ya siku hiyo, Ulrichs alikuwa ameanza kuchapisha vijitabu ambamo alibuni neno jipya, "Urning", la kuwaita watu wa namna yake. Alilazimika kubuni, kwa kuwa maneno yaliyokuwapo yalikuwa ya mahakama, ya mimbari au ya matusi. Hapakuwa na neno ambalo mtu angeweza kulitamka juu ya nafsi yake bila ya kujihukumu.

Mwaka wa 1869 mwandishi mwingine, Karl Maria Kertbeny, alichapisha vijitabu viwili, bila ya kutia jina lake, kuipinga sheria ya Prussia. Ndimo lilimochapishwa kwa mara ya kwanza neno "homosexual", lililoungwa kwa Kiyunani na Kilatini. Historia ya neno hili ina funzo kwa mwanafunzi wa semantiki. Lilizaliwa kama neno la utetezi. Baadaye madaktari wakalichukua, likawa jina la maradhi. Lilikaa katika orodha ya magonjwa ya akili ya chama cha madaktari wa akili cha Marekani hadi Desemba 1973, na Shirika la Afya Duniani nalo liliitoa hali hiyo katika orodha yake mwaka wa 1990. Kwa hiyo kubuni neno zuri hakutoshi. Asiyekuwa na nguvu ya kulilinda neno lake huweza kunyang'anywa, akarudishiwa likiwa na maana nyingine.

Vyama vya kwanza vya utetezi nchini Marekani vilijihadhari na hatari hiyo kwa njia ya kujificha. Chama cha wanaume kilichoundwa mwaka wa 1950 kilijiita Mattachine, jina lililotokana na wachezaji wa zamani waliovaa vinyago. Chama cha wanawake cha mwaka wa 1955 kilijiita Daughters of Bilitis, jina ambalo mpita njia asingeweza kulifahamu. Lilikuwa jina la kumstiri mwenyewe, la kutumiwa na wale waliokwisha kuambiwa maana yake.

Kutoka Philadelphia hadi Christopher Street

Kuanzia mwaka wa 1965 hadi 1969, kila tarehe 4 Julai, watu wachache walisimama wakiwa na mabango mbele ya Independence Hall mjini Philadelphia, mahali palipotangazwa uhuru wa Marekani. Miongoni mwa viongozi wao walikuwa Frank Kameny, mwanafalaki aliyefukuzwa kazi ya serikali, na Barbara Gittings. Masharti yao yalikuwa makali: wanaume wavae koti na tai, wanawake wavae gauni, watu watembee kwa utaratibu. Shabaha ilikuwa kuonyesha kwamba watu hao walistahili kuajiriwa kama raia wengine. Ni kusema kwamba waliomba usawa kwa sarufi ya wale waliowanyima.

Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 28 Juni 1969, polisi wa New York walikivamia kilabu kiitwacho Stonewall Inn katika barabara ya Christopher Street. Uvamizi wa namna hiyo ulikuwa jambo la kawaida, na desturi ilikuwa wateja kuinamisha vichwa na kutawanyika. Safari hii hawakutawanyika. Ghasia ziliendelea kwa siku kadhaa, na katika wale waliokuwa mstari wa mbele walikuwamo vijana wasio na makao na watu waliovaa mavazi ambayo Philadelphia yangewaondoa katika safu.

Novemba ya mwaka huo, katika mkutano wa vyama vya utetezi vya mashariki ya Marekani, Craig Rodwell na wenzake watatu walileta azimio lililokuwa na mambo mawili. La kwanza, ukumbusho wa kila mwaka uhamishwe kutoka Philadelphia, ufanywe New York mwishoni mwa Juni. La pili, pasiwe na masharti yoyote ya mavazi wala ya umri. Azimio likapita. Jumapili tarehe 28 Juni 1970 maelfu ya watu waliandamana kutoka mtaa wa Stonewall hadi bustani ya Central Park. Los Angeles waliandamana siku hiyo hiyo, na Chicago siku moja kabla.

Kuhusu neno lenyewe, kamati ya maandalizi ilikuwa na chaguo. Kaulimbiu iliyovuma wakati ule ilikuwa ya "nguvu", kwa kufuata mfano wa harakati za Wamarekani Weusi. Craig Schoonmaker, mmoja wa wanakamati, ndiye aliyependekeza neno "pride" liwe jina la siku zile za maadhimisho. Alipoulizwa miaka mingi baadaye, mwaka wa 2015, alieleza kwamba nguvu ilikuwa mbali na watu wengi, lakini kila mmoja aliweza kuwa na fahari ndani ya nafsi yake, na kutoka hapo akapata moyo wa kutenda. Lilikuwa neno lililochaguliwa kwa hesabu. Lilielekezwa dhidi ya aibu, ambayo ndiyo iliyokuwa silaha kubwa ya adui, kwani mtu aliyeingiwa na aibu hujinyamazisha mwenyewe.

Maandamano yalipovuka mipaka yalichukua majina mbalimbali. London yalifanywa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Julai 1972 kwa jina la Fahari. Nchini Ujerumani, kuanzia mwaka wa 1979, Bremen na Berlin walilichukua jina la barabara yenyewe, na hadi leo Wajerumani huiita sikukuu hiyo kwa jina la Christopher Street.

Kutajwa na kujitaja

Tofauti baina ya kutajwa na kujitaja huonekana wazi katika mifano miwili, mmoja wa Australia na mwingine wa jirani.

Usiku wa tarehe 24 Juni 1978 watu wa Sydney walifanya maandamano yaliyoanza kwa nyimbo yakaishia kwa vipigo. Polisi waliwakamata watu 53. Gazeti la Sydney Morning Herald likachapisha majina yao, pamoja na kazi na makazi yao. Mashtaka mengi hatimaye yalifutwa, lakini majina hayakufutika: wako waliopoteza kazi, na wako waliotengwa na jamaa zao. Gazeti hilo liliomba radhi mwaka wa 2016, miaka 38 baadaye, na bunge la jimbo la New South Wales likafanya vivyo hivyo.

Mwezi wa Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha majina na picha za watu waliodaiwa kuwa wa mapenzi ya jinsia moja, pamoja na wito kwamba wanyongwe. Mmoja wao, David Kato, alikuwa mwalimu na mtetezi wa haki. Yeye na wenzake wawili walilishtaki gazeti, na Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Tarehe 26 Januari 2011, wiki chache baada ya uamuzi huo, Kato aliuawa nyumbani kwake.

Jina ni lile lile, liwe limeandikwa gazetini au kwenye bango. Lakini atajwaye na mwingine amefanywa kitu cha kusemwa. Ajitajaye ndiye msemaji. Katika istilahi za sarufi, mmoja ni shamirisho na mwingine ni kiima. Maandamano ya Fahari yameligeuza tendo hilo: kile kilichotumika kumfedhehesha mtu, yeye mwenyewe akitangulize. Akishakitanguliza, mwenye gazeti hana tena habari ya kuuza. Njia hiyo hiyo ilifuatwa na mwandishi Binyavanga Wainaina mnamo Januari 2014 alipotoa andiko la kujitangaza kwa hiari yake, akiwa mmoja wa Waafrika mashuhuri wa kwanza kufanya hivyo.

Kujitaja hakukuwa rahisi hata barabarani. Tarehe 13 Oktoba 1990 yalifanyika maandamano ya Fahari mjini Johannesburg, ya kwanza katika bara la Afrika, yakiwa na watu wapatao 800. Waandalizi walitoa mifuko ya karatasi kwa wale walioogopa kutambuliwa, na wako walioandamana wakiwa wameficha nyuso ndani ya mifuko hiyo, iliyotobolewa macho. Picha hiyo yaeleza jambo zima: mtu yumo safuni, lakini jina lake bado liko nyumbani.

Mwongozaji mmojawapo alikuwa Simon Nkoli, aliyekuwa ametiwa gerezani mwaka wa 1984 akashtakiwa kwa uhaini katika kesi ya Delmas pamoja na viongozi wengine waliopinga ubaguzi wa rangi. Humo gerezani aliwaambia wenzake kwamba yeye ni mwanamume apendaye wanaume. Mabishano yalikuwa makali, lakini alibaki katika kundi, na baadhi ya washtakiwa wenzake waliokuja kuwa viongozi wa Afrika Kusini mpya walibadili fikira zao kwa sababu yake. Baada ya kutoka, mwaka wa 1988, yeye na Beverley Ditsie, Linda Ngcobo na wengine waliunda chama kilichojulikana kwa kifupi kama GLOW. Hotuba yake ya 1990 ilisisitiza kwamba uhuru wa mtu mweusi na uhuru wa mpenda jinsia yake havikuwa vitu viwili ndani yake, hata mtu ampe kimoja na kumnyima kingine.

Matokeo yake yamo katika maandishi ya sheria. Katiba ya muda ya mwaka wa 1993, na baadaye ile ya 1996, zilitaja mwelekeo wa kimapenzi waziwazi miongoni mwa mambo ambayo serikali haiwezi kumbagua mtu kwayo. Hapana katiba ya nchi nyingine yoyote iliyokuwa imefanya hivyo kabla. Kwa msingi wa neno hilo Mahakama ya Katiba ilifuta kosa la kulawiti mwaka wa 1998, na mwaka wa 2006 ndoa ikaruhusiwa. Hata hivyo neno la katiba halikumlinda kila mtu sawasawa. Mwezi wa Oktoba 2012 wanawake kadhaa walilala barabarani kuyazuia maandamano ya Johannesburg, wakidai kwamba sherehe imewasahau wanawake weusi wa mitaani waliokuwa wakibakwa na kuuawa. Fahari yenyewe ilikuwa imeanza kuulizwa ni ya nani.

Fahari na msamiati wa Kiswahili

Neno la Kiingereza lililochaguliwa mwaka wa 1970 hubeba sifa njema na dhambi kwa pamoja. Kiswahili kimezitenga maana hizo. Fahari ni utukufu uonekanao na kustahiwa. Kiburi ni kujiweka juu ya wengine. Majivuno ni kujisifu kupita kadiri. Maringo ni ya mwendo na mavazi. Mfasiri hana budi kuchagua, na akishachagua amekwisha kutoa hukumu. Asemaye "maandamano ya fahari" na asemaye "maandamano ya kiburi" hawakutofautiana katika tafsiri tu.

Upande wa pili wa mizani nao una maneno mengi. Haya ni pambo la mtu. Asiye na haya huonekana kapungukiwa na utu. Aibu ni doa. Fedheha ni aibu iliyoanikwa mbele za watu. Wapinzani wa maandamano husema kwamba waandamanaji hawana haya. Waandamanaji hujibu kwamba hawakuikataa haya, bali wameikataa aibu. Mzozo huu, ambao kwa Kiingereza huzunguka neno moja, kwa Kiswahili waweza kuelezwa kwa usahihi zaidi, na hiyo ni faida ya lugha.

Hoja nzito zaidi dhidi ya maandamano hutoka katika dhana ya stara. Katika maadili ya pwani, kumsitiri mtu ni hisani, na lililositirika haliulizwi. Watu wengi wameishi chini ya pazia hilo bila ya kusumbuliwa, nao huona kwamba maandamano yamelirarua. Hoja hii haifai kupuuzwa. Lakini stara ina kasoro moja: mwenye kuitoa ni mwingine, naye huweza kuiondoa atakapo. Waliotajwa Sydney mwaka wa 1978 na Kampala mwaka wa 2010 walikuwa wamesitirika hadi asubuhi ile gazeti lilipotoka. Hisani haidaiwi, haki hudaiwa. Hapo ndipo njia za stara na usawa zinapoachana.

Majina ya watu nayo yataka kuchunguzwa. "Shoga", katika usemi wa wanawake wa pwani, ni rafiki wa kike wa mwanamke, na wengi bado huitana hivyo. Maana ya pili, ya mwanamume, imeenea katika magazeti na miji ya bara hata ikaelekea kuimeza ile ya kwanza. "Hanithi", lenye asili ya Kiarabu, humtaja mtu kwa upungufu wa uume. "Msagaji" limeundwa kwa kitenzi kusaga na kiambishi -ji cha mazoea, kama msomaji au mwindaji. Humtaja mwanamke kwa tendo. Katika haya hamna hata moja limtajalo mtu kwa upendo wake. Fungu la maneno "wapenzi wa jinsia moja" hufanya hivyo, lakini ni refu, na lina harufu ya tafsiri. Nchini Uganda wenyewe wamejichagulia neno "kuchu", kama vile wenzao wa New York mwaka wa 1990 walivyoliokota tusi "queer" wakalifanya bendera. Kwa upande mwingine, Kiswahili hakina mzozo wa viwakilishi uliozikumba lugha za Ulaya kuhusu watu waliobadili jinsia, kwa kuwa "yeye" na kiambishi a- havibagui mume na mke.

Filamu ya Wanuri Kahiu iliyopigwa marufuku nchini Kenya mwezi wa Aprili 2018 yahusu mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, na jina lake ni "Rafiki". Neno hilo ni ndugu wa "shoga" katika maana yake ya zamani. Penye jina lisilotamkika, urafiki hutumwa kuwa wakili wake.

Kesi ya jina

Katika Afrika Mashariki maandamano ya wazi yamekuwa machache na yenye hatari. Fahari ya kwanza ya Uganda ilifanywa mwezi wa Agosti 2012 kando ya ziwa mjini Entebbe, na polisi wakawakamata baadhi ya waliohudhuria. Wakimbizi waliojaribu kufanya yao katika kambi ya Kakuma mwezi wa Juni 2018 walitishiwa kuuawa. Sheria ya Uganda ya mwaka wa 2023, pamoja na kuweka adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, yaweza kumfunga hadi miaka 20 mtu aliyetiwa hatiani kwa kuyaendeleza mambo hayo, yaani hata kwa maneno na maandishi. Kwa sababu hiyo nchini Kenya kazi kubwa ya kujitaja imefanywa mahakamani.

Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 24 Februari 2023 ulipitishwa na majaji watatu dhidi ya wawili. Mwanaisimu akiusoma ataona kwamba umesimama juu ya maneno. Ibara ya 27(4) ya Katiba yakataza ubaguzi kwa msingi wowote, kisha yataja orodha: rangi, jinsia, dini, lugha na mengineyo. Mwelekeo wa kimapenzi haumo. Majaji wengi waliona kwamba neno linalotangulia orodha hiyo huongeza mifano bila ya kuifunga, na kwamba neno la jinsia lililomo lafaa kusomwa kwa upana, likauingiza na mwelekeo huo. Kwa hiyo kuwanyima watu uandikisho kwa sababu hiyo peke yake ni ubaguzi. Vifungu vya Kanuni ya Adhabu havikuguswa. Mahakama Kuu ilikuwa imekataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Hivyo Mkenya akapata haki ya kuunda shirika chini ya jina ambalo tendo lihusishwalo nalo laweza kumtia gerezani miaka 14.

Kufikia hapo swali la mwanzo limejibika. Jina jingine lisilomkera mtu lingelirudisha shirika katika zama za Mattachine, zama za jina lisilofahamika, ambamo haki hupewa asiyejulikana. Waombaji walilipigania jina kwa kuwa jina ndilo lililokuwa likinyimwa.

Hitimisho

Yapo mambo matatu ambayo wataalamu wa Kiswahili wangeweza kuyafanya bila ya kungoja wanasiasa wala wahubiri. La kwanza ni kuonyesha katika kamusi yapi ni matusi na yapi si matusi, ili mwandishi wa habari na karani wa mahakama wajue walitumialo. Neno kama "hanithi" likiingizwa bila ya alama yoyote, msomaji hudhani ni istilahi. La pili ni kuikusanya maana ya "shoga" ya wanawake wa pwani kabla haijapotea, pamoja na historia ya jinsi ilivyogeuka. La tatu ni kuwasikiliza wenyewe wanavyojiita, Mombasa, Nairobi na kwingineko, na kuyaandika maneno hayo kwa uangalifu ule ule utumikao kwa istilahi za uvuvi au za unyago.

Wahenga walisema kwamba jina jema hung'ara gizani. Historia iliyoelezwa hapa yawahusu watu waliopewa giza kwanza, kisha wakaambiwa jina lao si jema. Kamusi haiwezi kuwapa usawa, lakini yaweza kuacha kuwahukumu kabla ya mahakama.